Attracta Killoran na Mtu wa Kwao

Mama yetu mpendwa, Attracta Killoran, ambaye leo tunamlaza kando ya mume wake Luke katika makaburi haya ya Cloonarrow, alizaliwa Dublin tarehe 3 Februari 1941, katika nyumba ya masista waliokuwa wakiwapokea wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Mama yake mzazi aliitwa Margaret Tansey. Zaidi ya jina hilo hakuna kilichojulikana, si kijiji chake, si umri wake, wala alikoelekea baadaye. Alimwachia mtoto kitu kimoja tu, jina la Attracta, la mtakatifu wetu wa huku kusini mwa Sligo, ambalo kule Dublin hata padre aliyembatiza aliomba atamkiwe tena ndipo alielewe. Marehemu alilishika jina hilo maisha yake yote kama mtu aliyeshika ukuta gizani. Alikuwa akisema, "Msichana wa Dublin hawezi kumpa mtoto jina hili. Mama yangu alikuwa wa huku huku."

Juni 1945 aliletwa Carrowreagh, nyumbani kwa Bartley na Winifred Cawley, watu wasiokuwa na mtoto, wenye ng'ombe wachache na moyo mkubwa. Walimpokea kwa malezi, wakampenda, wakamfundisha rozari kabla hajajua kufunga viatu. Mzee Bartley alikuwa akimbeba mabegani akienda kwenye kinamasi kukata ule udongo mweusi ambao huku hukaushwa na kuchomwa kama kuni, na marehemu alisimulia mpaka uzeeni kwamba hakuna mahali duniani palipokuwa juu kama pale.

Alisoma shule ya msingi ya Cloonarrow kuanzia mwaka 1946 hadi 1954. Alijua hesabu na kushona, na katekisimu aliimwaga kama maji. Swali moja tu ndilo lililomshinda, nalo ni lile ambalo kila mtu mzima wa huku humwuliza mtoto akikutana naye barabarani: "Wewe ni wa nani?" Wenzake walijibu bila kusimama. Mmoja ni wa Pat wa darajani, mwingine ni wa akina Gilmartin wa nywele nyekundu. Yeye alitazama viatu vyake. Baba Askofu alipokuja kwa Kipaimara, naye akamwuliza mbele ya kanisa zima, "Na wewe binti, ni wa nani?" Attracta akajibu kwa sauti safi, "Wa Mungu, Baba Askofu, na wa akina Cawley kwa muda." Kanisa zima likacheka, Askofu naye akacheka. Winifred Cawley alilia njia nzima hadi nyumbani, na usiku ule akamwambia, "Mwanangu, si kwa muda. Usiseme tena kwa muda." Lakini wivu ulikuwa umeshaingia. Kwenye dawati alikaa na msichana aliyesukwa nywele na bibi yake kila asubuhi, na marehemu alikiri kwamba aliwahi kuufungua msuko ule makusudi, kwa hasira tu ya kuona mtu ana bibi.

Tunalitaja jambo hilo hapa kwa sababu mwenyewe alituagiza. Alisema siku yake ikifika tusimpake sukari. Kila mwezi alikwenda kuungama, na Padre wetu hatakasirika tukisema kile ambacho mama mwenyewe aliwasimulia jirani zake akicheka: "Nikipiga goti tu nasema, Padre, wivu. Na Padre anajibu, tena?"

Mwaka 1955 alianza kazi ya upishi katika nyumba ya padre, akaifanya kwa uaminifu hadi alipoolewa. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, yeye ndiye aliyewaongoza akina mama wa parokia kuandaa chakula cha ukumbini baada ya mazishi. Mkate wake wa magadi na keki yake ya matofaa vinajulikana na kila aliyewahi kumzika mtu Cloonarrow. Kwa kazi hiyo ilimbidi ajue nani amefariki na watu wangapi watakuja, hivyo kila asubuhi alisikiliza matangazo ya vifo katika redio ya kaunti, kikombe cha chai mkononi. Ikawa mazoea, kisha ikawa kidonda. Mtangazaji alipokuwa akisoma, "ataombolezwa na kaka zake, dada zake, wapwa zake, binamu zake wa Boston na Manchester," Attracta aliweka kikombe chini, akasema, "Sikilizeni huyo! Mwanamume hata hakuwa mwema, na bado orodha haimaliziki." Hapo mtu wa nyumbani hakutakiwa kumjibu.

Tarehe 16 Septemba 1964 alifunga ndoa takatifu na Luke Killoran. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bartley na Una. Luke alikuwa mtu mpole, wa maneno machache na vicheko vya chinichini. Pamoja na Luke, Attracta alipata wifi, Philomena Killoran, ambaye sote tunamwita Mena, na ambaye hapa leo ameketi kwenye kiti cha mbele ingawa tulimwomba abaki ndani ya gari kwa sababu ya upepo. Mena hakuolewa. Nasaba ndiyo ilikuwa ndoa yake. Akina Killoran anaweza kuwataja tangu yule aliyetoroka deni la kodi mlimani hadi mtoto aliyezaliwa jana, bila kukosea nani alikuwa na mguu mfupi. Siku ya harusi alimwambia bibi harusi, "Umeolewa katika watu, wifi." Attracta akamjibu, "Na wewe umeletewa mtu, wifi." Basi wakaanza hivyo.

Desturi yetu ni mtoto wa kwanza wa kiume kupewa jina la baba wa mume. Attracta alimwita wake Bartley, kwa ajili ya mzee Cawley. Mena alikuja kumtazama mtoto, akauliza jina, akalirudisha blanketi mahali pake.

"Baba yangu ameachwa nje mlangoni," alisema.

"Baba yako ana wajukuu wengine wa kumwita," Attracta alijibu. "Bartley Cawley ana mimi tu."

Luke ndiye aliyewapatanisha, baada ya Krismasi mbili.

Mwaka 1987 Mena alianzisha ule Mkutano wa Nasaba unaofanyika katika ukumbi wa parokia kila Agosti, wiki moja kabla ya Jumapili ya Kubariki Makaburi. Ninyi nyote mnaujua. Wageni huja kutoka Marekani, Kanada na Australia, wakiwa na picha za babu zao katika bahasha za plastiki. Kila ukoo una meza yake na beji zake, kijani za akina Killoran, njano za akina Tansey, na kadhalika, na asiyejua bado ni wa wapi hupewa beji nyeupe. Mti wa kila ukoo hubandikwa ukutani kwenye karatasi ndefu. Mena hakubandika jina lolote mpaka wazee wawili wakubaliane na jiwe la kaburi lisiwapinge.

Kazi ya Attracta ilikuwa chai. Toka nyuma ya birika lile kubwa aliona kila kitu. Aliona wanaume wazima wakilia kwa kuonyeshwa jina la bibi mzaa bibi. Aliona mama mmoja wa Chicago akikumbatiwa na akina Gilmartin kumi na moja kwa mpigo. Akirudi nyumbani alivua viatu kwa kelele, akamwambia mumewe, "Wanatoka ng'ambo, Luke, hawajui hata mvua yetu inanyesha kutoka upande gani, na saa sita mchana wana babu! Mimi nimekaa hapa miaka yote nawamiminia chai!" Luke alimwambia, "Si una sisi?" Naye alijibu, "Ninyi nilipewa na ndoa. Nataka mmoja tu wa kwangu, niliyezaliwa naye." Luke aliaga dunia tarehe 22 Oktoba 1998, na redio ilisoma orodha ndefu. Marehemu aliilia orodha ile kwa huzuni na kwa wivu pamoja, na hakujificha kusema hivyo.

Agosti 2003 alikuja mgeni aitwaye Desmond Tansey, fundi bomba mstaafu kutoka Dunedin, New Zealand, mgane, mrefu, mwenye haya. Babu yake aliondoka Ireland kijana na hakuwahi kusema ametoka kijiji gani. Desmond alizunguka ukumbi mzima na beji yake nyeupe. Alipofika kwa Mena, Mena akamwuliza, "Tansey wa mlimani au Tansey wa kinamasini?"

"Mama, mimi najua Tansey tu."

"Basi hujui kitu, baba. Hao wawili hawajawahi kuwa ndugu hata kwa ng'ombe."

Akaishia kwenye meza ya chai, kama wanavyoishia wote waliokosa babu. Attracta alimjazia kikombe, akalisoma jina kwenye beji, akaliweka birika chini.

"Wewe ni wa nani?" alimwuliza.

"Ndilo nililokuja kuuliza, mama."

"Mama yangu alikuwa Tansey," Attracta alisema. "Basi vuta kiti. Wewe ni wangu."

Jumapili ile ya Kubariki Makaburi, wakati kila ukoo umesimama kwenye kaburi lake ukimsubiri padre na maji ya baraka, Attracta hakusimama na akina Killoran. Alimshika Desmond mkono, wakaenda kusimama kwenye jiwe kuukuu la akina Tansey lililoko kule chini ya mti wa mwiba. Mena alivuka makaburi kwa hatua ndefu.

"Wifi, mnafanya nini hapa? Hawa ni Tansey wa mlimani! Si watu wako, na si watu wake!"

"Waliomo humu hawajalalamika," Attracta alimjibu. "Sogea, Padre anakuja, usije ukabarikiwa kwenye kaburi la wenyewe."

Tangu siku hiyo marehemu alikuwa na binamu. Desmond alirudi Dunedin, lakini alipiga simu kila Jumapili baada ya Misa, na karibu kila Agosti alikuja mwenyewe. Katika simu Attracta alimsomea vifo vyote vya wiki, pamoja na maelezo ambayo redio haitoi. Kadi zake za Krismasi zilisimama juu ya kabati la vyombo hadi Pasaka, na mgeni yeyote aliyekuja kuomba yai aliambiwa, "Hiyo ni ya Des, binamu yangu. Wa upande wangu." Mena akija, kadi zile zilisogezwa mbele.

Hapo wivu ukahama nyumba. Mena, mwenye vizazi vyote vile ukutani, hakuweza kuvumilia binamu mmoja aliyeokotwa kwenye meza ya chai. "Ati binamu!" alikuwa akisema dukani. "Nikisimama kando ya farasi mimi nami nitaitwa farasi?" Attracta akapata habari, akatuma jibu kwa mwenye duka: "Mwambie farasi hupigiwa simu."

Agosti 2016 Mena alileta ukumbini kipimo cha vinasaba, kile cha kutema mate katika kichupa na kukituma. Wengi walifurahi. Attracta alibaki nyuma ya birika akisugua sehemu iliyokwisha kung'aa.

"Njoo, wifi," Mena alimwita mbele ya watu. "Tema, tumalize ubishi."

"Mate yangu nayahitaji."

"Unaogopa?"

Na kweli aliogopa. Tunasema hivyo kwa sababu jioni ile alimwambia Una, "Nikimkosa Des humo, nitabaki na nini?" Lakini Desmond, aliyekuwa amekuja mwaka ule, alitaka kwa hamu ya mtoto wateme wote wawili. Aliishi miaka yote bila kujua babu yake alitoka nyumba gani, na mama hakuwa na moyo wa kumnyima. Akatema.

Majibu yalikuja Novemba. Desmond alikuwa Tansey wa kinamasini bila shaka yoyote, na alipatiwa binamu wa damu papo hapo, familia nzima yenye nyumba mpya upande wa Ballymote. Na Attracta hakuwa ndugu yake, hata wa mbali. Kipimo kilimwonyesha Attracta watu wachache wa Kanada, wa mbali mno. Aliwaandikia wote. Hawakujibu.

Mena alikuja siku ya pili. Alisema, "Nilikwambia, wifi." Attracta alimfungulia mlango, akamsikiliza, akaufunga. Katika Misa walikaa pande mbili tofauti za kanisa hadi karibu na Kwaresima, na wakati wa kutakiana amani kila mmoja alimpa mkono mtu mwingine.

Jumapili ya kwanza baada ya majibu yale simu ililia kama kawaida. Una alikuwepo.

"Des," mama alisema, "sasa umepata watu wako. Namshukuru Mungu. Huna haja ya kupiga tena."

Upande wa pili sauti ikasema, "Vizuri. Nani amefariki?"

"Umenisikia nilichosema?"

"Nimesikia. Nani amefariki, Attracta? Nimekaa na kalamu."

Mama alikohoa, akasema wiki hii amefariki mke wa mwenye posta ya zamani, na wakaendelea.

Moyo wake lakini haukutulia. Alisubiri Agosti kama mtu anavyosubiri daktari. Desmond alipokuja mwaka uliofuata, 2017, binamu zake wa Ballymote walimlaki uwanja wa ndege kwa maua. Ukumbini Mena alimbandika beji ya njano kwa mkono wake mwenyewe, akampeleka kwenye meza ya akina Tansey, na jina lake likasomwa, watu wakapiga makofi. Nyuma ya birika, Attracta alipanga na kupangua vijiko. Desmond alipoondoka mezani kwao na kwenda kwake, hakumtazama.

"Rudi kwa watu wako, watakutafuta."

"Ni watu wazuri," Desmond alisema. "Wanawajua mababu zangu wote, mpaka aliyeiba kengele ya kanisa. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba situmii sukari."

Attracta akatazama chini. Kikombe alikuwa ameshakijaza chai ya rangi, bila sukari, na kimekaa kando mahali ambapo mtu mwingine hawezi kukichukua. Desmond alikinywa hapo hapo amesimama, na alikaa hapo mpaka ukumbi ulipofungwa, akipangusa vikombe.

Mena aliona yote hayo. Baridi ilipoanza alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya Misa bila kualikwa, akakaa karibu na jiko akiwa na koti mwilini. Simu ilipolia akasema, akitazama moto, "Mimi nina wafu ukuta mzima, wifi. Hakuna hata mmoja anayenipigia."

Attracta alisimama na simu mkononi. Kisha akabonyeza kile kitufe cha kupaza sauti, akaiweka mezani. "Njoo basi karibu, usije ukasema sikukupa."

Kuanzia hapo Jumapili zilikuwa za watatu. Attracta alisoma vifo, Mena akamsahihisha: "Si huyo! Huyo ni wa mlimani, yule wa darajani alikufa zamani!" Desmond alicheka kule Dunedin mpaka akakohoa. Lakini msidhani wivu ulikwisha. Siku Desmond alipouliza kwanza, "Na Mena yupo?" mama alijibu, "Yupo, na mimi nipo pia, asante kwa kuuliza." Wiki nzima iliyofuata Mena hakuonja keki ya matofaa.

Mwezi wa Mei 2022 madaktari waligundua moyo wake umechoka. Aliupokea ugonjwa kwa imani. Alipokea Komunyo kila Ijumaa ya kwanza, na rozari haikumtoka mkononi. Bartley alirudi kutoka Galway kila mwisho wa wiki. Una alihamia chumba cha mbele. Mena, ambaye naye hakuwa kijana, alikuja kila jioni na fimbo yake kusali, na walibishana hata katikati ya mafumbo ya uchungu juu ya nani amesoma haraka.

Jioni moja mwezi wa Februari mwaka huu, rozari ilipokwisha, Attracta alisema, "Mena, redio watasoma nini upande wangu?"

"Watasoma kama wanavyosoma kwa watu wote."

"Watasoma akina Killoran mpaka pumzi iwaishie. Halafu upande wangu, kimya. Atasikia mtu mzima akinywa chai yake, atasema, masikini, huyu hakuwa na mtu wa kwao."

Akajivutia blanketi, akasema, "Des je?"

Mena alikunja rozari yake taratibu. "Kipimo kilishasema, wifi. Sijawahi kubandika uongo ukutani, na sitaanza na wewe."

Attracta akageuza uso upande wa ukuta. Mena aliaga, akaenda zake. Jioni iliyofuata alirudi, wakasali kama kawaida, na jambo lile hawakuligusa tena, wala yeyote kati yetu hakuthubutu kuligusa.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, baada ya kupokea Mpako Mtakatifu siku iliyotangulia, mama alikuwa amelala kwa utulivu na redio ikiwa imewashwa kwa sauti ndogo. Una alinyoosha mkono kuizima ili apumzike. Mama akasema, "Iache, sijasikia ni nani." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Aliondoka kabla matangazo hayajaisha, akiwa na umri wa miaka 83.

Mchana ule Una alikaa jikoni na kalamu, kuandika tangazo la redio, na mwenye huduma ya mazishi akisubiri kwenye simu. Mena aliingia na fimbo yake, macho mekundu, kofia imekaa upande.

"Mnazika lini?"

"Jumatatu, shangazi. Kama kawaida."

"Alhamisi."

"Alhamisi! Shangazi, watu watasema nini? Huku hatuchelewi hivyo ila kwa kumsubiri ndugu anayetoka mbali."

"Ndiyo. Nimempigia mwenyewe asubuhi, yuko njiani kwenda uwanja wa ndege." Akavuta kiti. "Umefika wapi? Andika: Desmond Tansey, Dunedin, binamu yake."

Una aliinua kalamu. "Shangazi, lakini kipimo..."

"Kipimo kilipima mate," Mena alisema. "Mimi nimekaa kwenye meza hii Jumapili zote hizo nikimsikiliza mtu akiuliza nani amefariki, hali hajui hata mmoja wao. Mtu asiye ndugu hafanyi hivyo. Na sikupaswa kumnyima mama yako neno hilo mwezi ule wa Februari. Andika, mwanangu, kabla sijabadili."

"Nimtangulize?"

"Ebo! Mimi ni wifi yake wa miaka yote hii. Mimi kwanza!"

Jumapili asubuhi redio ilisoma hivyo hivyo, neno kwa neno, na wengi wenu mmetuambia mliweka kikombe chini mkisikia.

Marehemu ameacha wifi yake Philomena, aliyetajwa kwanza kwa agizo lake mwenyewe. Ameacha mwanawe Bartley na mkewe Sorcha, binti yake Una, na wajukuu Ciarán na Winifred. Ametanguliwa na mumewe Luke na wazazi wake wa malezi Bartley na Winifred Cawley, na tunaamini pia ametanguliwa na Margaret Tansey, ambaye sasa mama yetu hana haja ya kumtafuta tena. Upande wake mwenyewe ameacha binamu yake, Desmond Tansey wa Dunedin, aliyefika jana jioni na ambaye ndiye atakayetupa udongo wa kwanza.

Apumzike kwa amani mama yetu. Na huko mlangoni akiulizwa ni wa nani, jibu analo.